Antivairasi gani niweke kwenye kompyuta ya nyumbani? Anza na mlango unaoingiza virusi kwako

Swali naloulizwa kuliko yote mtaani kwangu ni hili, antivairasi gani kali, na mtu anauliza akiwa ameshashika hela mkononi anataka jina tu akanunue. Mi jina silitoi kwanza. Nauliza mambo mawili: virusi kwako vinapitia wapi, na hiyo kompyuta inakaa onlaini muda gani kwa siku. Kwa sababu anayeshinda kwenye faiba nyumbani na anayewasha hotspoti ya simu dakika ishirini jioni kwa bando la kuungaunga hawahitaji kitu kimoja, hata kama laptopu zao ni pacha.

Kabla hujatoa hata shilingi, angalia ulichonacho. Ukiwa na Windows 10 au 11 tayari kuna antivairasi ndani, inaitwa Microsoft Defender, na fayawoli yake, yaani ukuta unaozuia wa nje wasiingie kwenye mashine, ipo pia, zote za bure na zimewashwa tangu siku ya kwanza labda mtu azizime. Bonyeza kitufe cha Windows, andika Windows Security, litafunguka dirisha lenye alama ya ngao. Ukiona tiki za kijani vizuri, ila usiishie kwenye tiki. Ingia "Virus & threat protection", kisha "Manage settings", hapo hakikisha "Real-time protection" imewaka na "Tamper Protection" imewaka, hiyo ya pili ndo inazuia programu nyingine isije ikaizima Defender kimyakimya. Halafu shuka mpaka chini kabisa kwenye "Exclusions". Hii ni orodha ya vitu ambavyo Defender imeambiwa isivikague kabisa. Kwa mtu wa kawaida orodha hiyo inatakiwa iwe tupu. Ukikuta folda usiyoijua, au mbaya zaidi ukikuta diski C nzima imeandikwa hapo, ina maana tiki zako za kijani hazina kazi, mlinzi yuko getini lakini ameambiwa afumbe macho.

Hili la orodha nalisemea kwa uchungu maana limetupata nyumbani. Mama mdogo wangu ndo mweka hazina wa kikoba chao, kina mama thelathini na kitu, hisa na mikopo yote iko kwenye Excel. Alinunua laptopu iliyokwishatumika, akaipeleka kwa fundi mmoja kupigwa Windows, fundi akaweka Windows iliyochakachuliwa na Office iliyochakachuliwa, na zile programu za kuchakachua huwa zinakuambia kabisa zima antivairasi kwanza ndo itakubali. Fundi akazima, akaongeza folda kwenye ile orodha, akamaliza kazi akarudisha mashine. Ikafanya kazi vizuri tu miezi mingi. Siku moja mdogo wangu akashusha programu ya kuhariri video, nayo ya bure ya kuchakachua, akaifungua, na jioni ile mama mdogo anafungua Excel anakuta mafaili yote yameongezewa herufi za ajabu mwishoni, hayafunguki, na kila folda ina faili linaitwa _readme.txt. Ndani wameandika wanataka dola 980, ukiwahi ndani ya saa 72 unalipa 490.

Waliokutana nacho watakijua, hicho ni STOP, wengine wanakiita Djvu, kirusi kinachofunga mafaili kisha kinadai hela, na kinachokitofautisha na vingine ni kwamba hakihangaiki na makampuni, kinawafuata watu wa nyumbani, na njia yake kubwa ni hizo programu za kuchakachua. Kampuni ya Emsisoft ilitoa programu ya bure ya kufungua mafaili yaliyofungwa nacho mwaka 2019, na kuna tovuti ya No More Ransom iliyoanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi pamoja na Europol na makampuni ya antivairasi, unapakia faili moja lililofungwa unaambiwa kama ufunguo upo. Kwetu haukuwepo. Kirusi kikipata intaneti wakati kinafanya kazi kinachukua ufunguo wa peke yake kutoka kwa wenyewe, na huo haupatikani kokote. Kilichotuokoa ni kwamba mama mdogo alikuwa na kawaida ya kupiga picha skrini na kutuma kwenye grupu la WhatsApp la kikoba kila mwisho wa mwezi, tukakaa usiku tatu tunaandika upya namba moja baada ya nyingine. Hela hatukulipa, na nakushauri usilipe, hakuna anayekuhakikishia kwamba watafungua.

Sasa hapo niambie, angenunua antivairasi ya bei gani ingemsaidia? Yoyote ile ingeambiwa izimwe. Kwa hiyo mlango wako ukiwa ni programu za kuchakachua, ushauri wangu wa kwanza hauna uhusiano na antivairasi. Laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 10 au 11 zina ufunguo halali wa Windows umehifadhiwa ndani ya bodi yenyewe, ukishusha Windows safi kutoka tovuti ya Microsoft na kuiweka ya aina ileile iliyokuja na mashine, Home kwa Home au Pro kwa Pro, mara nyingi inajihalalisha yenyewe ikishika intaneti. Watu wanachakachua kitu walichokwishalipiwa! Na hata ikigoma kujihalalisha, Windows isiyohalalishwa itakuwekea maandishi pembeni ya skrini na kukunyima kubadilisha picha ya nyuma, lakini Defender inafanya kazi na apdeti za usalama zinaingia, ni salama mara mia kuliko iliyochakachuliwa. Office chukua LibreOffice, ni ya bure kabisa na inafungua Excel na Word.

Mlango wa pili, na huu kwetu ndo barabara kuu, ni flashi. Flashi yako inaenda steshenari kuprinti, inaenda kazini, inaenda kwa mwanafunzi, inarudi nyumbani. Ukiifungua unakuta mafaili yote yamegeuka njia za mkato zenye kamshale kadogo pembeni. Hapo usibofye hata kimoja, mafaili yako hayajafutika, yamefichwa tu, na kile kimshale ndo kinachowasha kirusi. Fanya hivi: bofya kulia jina la flashi, chagua kuiskani kwa antivairasi yako, subiri imalize na ifute ilichokuta. Kisha bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, fungua, na kama flashi yako ni E andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* halafu Enta. Mafaili yanarudi. Nakili ya maana, fomati flashi. Na ukiwa kwenye folda nenda "View", halafu "Show", washa "File name extensions", ili faili linalojifanya ankara.pdf kumbe ni ankara.pdf.exe ulione mapema. Kwa steshenari mi siku hizi sipeleki flashi kabisa, natuma PDF kwa WhatsApp naenda kuchukua karatasi.

Haya sasa, uchaguzi wenyewe.

Kama kompyuta inashinda onlaini, hushushi vya kuchakachua, na flashi unaskani, Defender inakutosha. Sisemi hivyo kwa kuipenda Microsoft. Kuna maabara mbili nazifuatilia, AV-TEST ya Magdeburg Ujerumani na AV-Comparatives ya Innsbruck Austria, kazi yao ni kuzirushia programu hizi virusi vya kweli vinavyozunguka wakati huo na kutangaza matokeo bure kwenye tovuti zao. AV-TEST wanatoa alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi na 6 kwa kutokusumbua, jumla 18, na Defender miaka ya karibuni inakaa huko juu pamoja na za kulipia.

Lakini ukisoma ripoti za AV-Comparatives usiangalie tu nyota, angalia safu inayoonyesha programu inakamata kiasi gani bila intaneti. Hapa ndo watu wa bando tunapigwa. Defender inategemea sana kuuliza seva za Microsoft pale inapokutana na faili isilolijua, ukiikatia intaneti uwezo wake unashuka waziwazi kuliko wenzake kadhaa, wakati zile zinazobeba orodha kubwa ya virusi ndani ya mashine yenyewe, Bitdefender kwa mfano, hazishuki sana. Kwa hiyo kama laptopu yako inakaa siku tatu bila mtandao huku flashi zinaingia na kutoka, hapo sasa una sababu ya kweli ya kuweka nyingine. Huyu ndo mtu namwambia toa hela.

Mashine ikiwa na RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, angalia pia ripoti zao za wepesi, mi binafsi nimekuwa nikiweka antivairasi ya ESET kwenye mashine dhaifu maana haiibebeshi mzigo mkubwa. Ila kusema ukweli hela ya leseni ya mwaka kwenye mashine ya hivyo ningeiweka kwanza kwenye SSD, ile diski ya kisasa isiyozunguka. Watu wengi wanalaumu antivairasi kwamba inalegeza kompyuta kumbe diski ndo imechoka.

Kuhusu za bure za kushusha, jua nani ni nani. Avast, AVG, Avira na Norton zote sa hivi ziko chini ya kampuni moja inaitwa Gen Digital, kwa hiyo kuhama kutoka AVG kwenda Avast ukidhani umebadilisha sana ni kujichosha. Na Avast ina historia ambayo mtu anatakiwa aijue kabla hajaiweka: kampuni yake tanzu, Jumpshot, ilikuwa inauza taarifa za tovuti ambazo watumiaji wanatembelea, ikafungwa 2020 baada ya waandishi kuifichua, na 2024 mamlaka ya biashara ya Marekani ikawapiga faini ya dola milioni 16.5. Antivairasi inaona kila kitu kwenye mashine yako. Ukiipa nafasi hiyo bure, uliza inakula wapi.

Kaspersky nayo naulizwa sana maana inapatikana kwenye maduka mengi huku. Kwenye vipimo vya maabara imekuwa juu miaka yote. Marekani ilipiga marufuku kuuzwa kwake 2024, kwa hofu kwamba serikali ya Urusi inaweza kuitumia, na kuanzia mwisho wa Septemba mwaka huo watumiaji wa Marekani hawapati apdeti. Hapa kwetu inafanya kazi kawaida. Kwa hesabu za kikoba na kazi za shule sioni shida, mtu mwenye nyaraka nyeti za ofisi ya serikali nyumbani achague nyingine, huo ndo msimamo wangu.

Ukiamua kununua, angalia vitu vichache dukani. Leseni iwe ya eneo letu, kuna namba za leseni zinazouzwa bei chee mtandaoni ambazo zinakubali nchi fulani tu, unarudi nyumbani inakukatalia. Angalia ni kwa kompyuta ngapi. Na ukilipa kwa kadi mtandaoni, ingia akaunti yako siku hiyohiyo uzime kujirenyu, maana bei ya mwaka wa kwanza ni ya kukuvuta, ya mwaka wa pili inaweza kuwa mara mbili. Kabla ya yote tumia siku za majaribio, karibu zote zinazo, iache wiki mbili uone mashine inavyoitikia.

Usiweke mbili. Ukiweka ya kulipia, Defender inajiweka pembeni yenyewe na hiyo ni sawa, lakini ukiweka Avast na ESET pamoja zitakuwa zinakaguana na kugombania faili moja mpaka mashine inaganda. Kinachoruhusiwa ni moja ya ulinzi wa muda wote na nyingine ya kuskani pale unapohisi jambo, kama Malwarebytes ya bure, siku zake 14 za majaribio zikiisha inabaki skana tu. Na ukiwa na shaka na faili moja, lipakie kwenye tovuti ya VirusTotal, linakaguliwa na antivairasi zaidi ya 60 kwa mpigo, ila usipakie nyaraka zako za siri huko.

Fayawoli sasa, na hapa sitakaa sana maana kwa nyumbani ya Windows inatosha. Kazi yake ni kuzuia watu wa nje kugonga mashine yako bila wewe kuwaita. Tarehe 12 Mei 2017 WannaCry, programu nyingine ya kufunga mafaili na kudai hela, ilipita kwenye kompyuta zaidi ya laki mbili katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikakwama, na haikuhitaji mtu kubofya chochote, ilikuwa inagonga tundu namba 445 la kushirikiana mafaili na kuingia. Dawa yake Microsoft walishaitoa Machi mwaka huo. Waliopona ni waliokuwa wameapdeti, au tundu lao lilikuwa limefungwa.

Cha kufanya: ukiunga Wi-Fi yoyote isiyo ya nyumbani kwako, chuo, hoteli, kazini, hata ya jirani, nenda kwenye setingi za mtandao huo uchague "Public network". Hiyo inaifanya mashine isionekane na wengine waliopo kwenye mtandao. "Private" ni ya nyumbani tu, tena ukiwa unahitaji kuprinti kwa Wi-Fi au kushea mafaili. Programu ikikurushia kisanduku kinachouliza iruhusiwe kwenye fayawoli, na huijui, kataa. Nyingi zitaendelea kupata intaneti kama kawaida, kwa sababu fayawoli ya Windows kwa kawaida inazuia kinachoingia, kinachotoka inakiachia. Unayetaka kudhibiti kinachotoka pia, iwe kwa usalama au kwa kuokoa bando, weka TinyWall, ya bure na nyepesi, inafunga kila programu mpaka wewe uiruhusu. Siku ya kwanza itakusumbua, vumilia.

Na kama una ruta ya nyumbani, yenyewe tayari ni fayawoli ya mbele, lakini ukiiacha na paswedi ya admin iliyokuja nayo haina maana yoyote. Badilisha leo, na uzime uwezo wa kuiingilia kutoka nje.

Suala la bando nalijua, na najua ndo linafanya watu wazime apdeti. Mtandao ukiuweka "Metered" Windows inapunguza kushusha vitu vizito, fanya hivyo kwenye hotspoti ya simu, lakini mara moja kwa wiki tafuta Wi-Fi ya uhakika au bando la usiku uache apdeti zote zishuke. Kwa mwenye kompyuta isiyoshika mtandao kabisa, tovuti ya Microsoft ina faili la apdeti za Defender unaloweza kushusha kwingine ukaleta na flashi. Wenye Windows 10, apdeti za kawaida ziliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft wametoa nyongeza ya mwaka mmoja kwa watu wa nyumbani mpaka Oktoba 2026, unajiandikisha kwenye setingi za apdeti. Orodha za virusi za Defender zitaendelea mpaka 2028, lakini usichanganye, orodha ya virusi haizibi matundu ya Windows yenyewe.

Jambo la ghafla linalotisha wengi: unatumia brauza, kona ya chini inatokea arifa eti McAfee yako imeisha, kompyuta ina virusi vitano, bofya hapa ulipe. Hiyo haitoki kwenye antivairasi, ni tovuti uliyoikubalia siku fulani ikutumie arifa. Fungua setingi za brauza, sehemu ya arifa, ondoa tovuti zote usizozijua, zinakoma papo hapo. Usipige namba yoyote wanayoandika.

Ukishaweka yako, ipime. Kuna faili la majaribio linaitwa EICAR, herufi 68 tu, halina madhara yoyote na liko kwenye tovuti ya eicar.org, antivairasi zote zimekubaliana kulichukulia kama kirusi. Lishushe. Ikinyamaza, kuna kitu kimezimwa, rudi kwenye ile orodha ya "Exclusions".

Laptopu ya mama mdogo sa hivi ina Windows halali iliyojihalalisha yenyewe kama nilivyoeleza, Defender, na ile sehemu ya "Ransomware protection" nimeiwashia "Controlled folder access" ambayo inazuia programu ngeni kugusa folda ya kikoba. Mara ya kwanza ilimkatalia hata LibreOffice kusevu, nikairuhusu, basi. Kila Jumapili wakimaliza kikao anachomeka diski ya nje, ananakili folda nzima, anaichomoa na kuifungia kwenye kabati pamoja na sanduku la kikoba, na funguo za kabati wanashika wanawake watatu.